Meza Isiyo na Mpishi

Katika hadithi zetu watu hawali. Wanapenda, wanasalitiwa, wanapata ajali ya gari pale penye kona, wanarithi nyumba ambazo hawakustahili kurithi, lakini kula hawali. Na siku mwandishi chipukizi anapoamua kwamba leo mhusika wake atakula, basi humpandisha ndege kwanza. Chakula cha hapa kwetu hatukioni kuwa ni mandhari. Tunakiona ni shida ya kila siku, na nani atoe hela yake kununua shida aliyoiacha jikoni kwake?

Nimeyafikiri haya baada ya kusoma mswada wa riwaya wa mwenzetu mmoja wa hapa hapa Morogoro. Jina lake silitaji, wala jina la mswada, maana kazi bado iko mezani kwake na ana haki ya kuifuta yote kesho asubuhi. Lakini ameniruhusu niiseme hadharani, na aliponikabidhi aliniambia nisimwonee huruma. Haya, simwonei.

Riwaya inamhusu Neema, binti wa Kichangani, ambaye anapata nafasi ya kwenda kusoma katika mji wa Dijon, Ufaransa. Katika sura ya kumi na moja, rafiki yake wa Kifaransa aitwaye Julien anamchukua jioni moja hadi kwenye mgahawa mdogo wa kijijini, katikati ya vilima vya mizabibu vya Burgundy. Mgahawa wa namna hiyo Wafaransa huuita bistro. Kuna mshumaa, kuna kitambaa cha meza chenye miraba myekundu na myeupe, kuna mvua inayogonga kioo, na mwisho kuna pete. Sura nzima ni kurasa tisa. Ndiyo iliyopendwa kuliko zote katika kikundi chetu; dada mmoja alikiri kwamba alitokwa na machozi. Kwa hiyo najua ninapeleka mkono kwenye mzinga wenye nyuki.

Shuleni tulifundishwa kuhakiki kwa mafungu: maudhui huku, fani kule, dhamira, ujumbe, falsafa, halafu matumizi ya lugha, halafu unamalizia na kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, kengele inagonga, unatoka. Leo naomba niuache utaratibu huo. Nataka tukae mezani na Neema, tuangalie sahani moja baada ya nyingine.

Inaletwa menyu. Mwandishi anasema ni kitabu kinene chenye jalada la ngozi, na Neema anapotea ndani yake. Hapo nilishtuka. Menyu ya jalada la ngozi ni ya hoteli kubwa ya mjini; nadhani mwandishi aliiona kwenye sinema akaibeba hadi Burgundy. Mgahawa mdogo wa kijijini kule mara nyingi huandika vyakula vya siku kwa chaki, ubaoni, na ni vichache, kwa sababu aliyeko jikoni ni mtu mmoja au wawili, pengine mke na mume, na wanapika kile kilichopatikana. Kikiisha kimeisha, kinafutwa. Si ndivyo ilivyo kwetu? Nenda kwa mama ntilie saa nane mchana uulize maharage. Atakuambia yamekwisha, kuna dagaa, na huna pa kukata rufaa. Mwandishi alikuwa na kitu ambacho Neema angekitambua papo hapo, ule ubao wa chaki, akakitupa na kuleta ngozi.

Halafu divai. Julien anaagiza divai nyekundu ya miaka mia moja. Ndugu yangu! Divai ya miaka mia, kama bado inanyweka, ni kitu cha kuuzwa mnadani kwa matajiri. Haikai kabatini kwa mwenye mgahawa wa kijiji ikingoja wanafunzi wawili. Watu wa vilima vile wakikaa kula jioni hunywa divai ya pale pale, ya miaka michache, mara nyingine ikimiminwa kutoka kwenye jagi la kioo. Nyekundu ya Burgundy hutokana hasa na zabibu iitwayo Pinot Noir, nyeupe hutokana na Chardonnay, na ukishuka kusini kidogo, Beaujolais, wanatumia Gamay. Simtaki Neema atusomee somo la kilimo. Lakini angeweza kumwambia Julien kitu kimoja ambacho Julien hakijui: kwamba kwao Tanzania, pale Dodoma, zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, wakati Ufaransa nzima inangoja msimu mmoja tu. Ingekuwa sentensi moja. Na kwa sentensi hiyo Neema angekaa mezani kama mtu mwenye kwao, siyo kama mgeni anayefundishwa kushika glasi.

Naja kwenye konokono. Konokono wa Burgundy wanajulikana duniani kote. Huokwa na siagi, vitunguu saumu na majani fulani yanayofanana na kotimiri, wakiwa ndani ya magamba yao. Neema anawala. Mwandishi anatupa mstari mmoja, anasema walikuwa laini. Basi. Konokono! Mtoto wa Kichangani, aliyekuwa akiwaona wakipanda ukutani wakati wa masika akiwamwagia chumvi, leo analetewa sahani nzima huku mpenzi wake anamtazama usoni, na mwandishi anapita mbio kama basi la moja kwa moja lisilosimama Chalinze. Hapa ndipo palipokuwa na hadithi. Je, alifumba macho? Alijilazimisha kwa ajili ya Julien? Au aliwakumbuka kumbikumbi tunaowakaanga mvua zikianza, akaona kwamba hata sisi mtu wa nje angetushangaa? Hatujui. Sahani ile ilijaa mgongano hadi pembeni, na mwandishi akairudisha jikoni haijaguswa.

Pete inapotoka mfukoni, wanafungua shampeni, na mwandishi anaiita shampeni ya Burgundy. Hakuna kitu hicho. Shampeni hutoka Champagne, sehemu nyingine ya nchi, kaskazini zaidi, na Wafaransa wamelilinda jina hilo kwa sheria. Kosa dogo, mtasema, mhariri atalirekebisha kwa kalamu nyekundu. Lakini kama mwandishi angeifuata ile chupa hadi kwao, angekutana na jambo ambalo riwaya yake inalihitaji sana. Septemba 2023, wakati wa mavuno ya zabibu huko Champagne, wafanyakazi zaidi ya 50, wahamiaji ambao wengi wao walitoka nchi za Afrika Magharibi, walikutwa wamerundikwa katika makazi machafu yasiyofaa kulala mtu. Julai 2025 mahakama ya Châlons-en-Champagne iliwatia hatiani watu watatu kwa usafirishaji haramu wa binadamu. Sasa mtazame tena Neema. Msichana wa Kiafrika anainua glasi, na inawezekana kabisa kwamba mikono iliyochuma zabibu hizo ni ya Mwafrika mwenzake aliyelala chini kwenye saruji. Sisemi kila chupa iko hivyo, wala sisemi Neema aimwage. Anywe. Lakini mwandishi ajue, na akishajua, sentensi zake zitabadilika zenyewe bila yeye kuhubiri.

Haya yote, menyu na divai na konokono, ni makosa ya kutokufika, na si dhambi kuandika mahali usipofika. Wengi wetu hatujavuka hata Namanga. Vitabu vipo, intaneti ipo kwenye simu, mtu anaweza kuuliza. Kinachonisumbua mimi ni kingine, na ili nikieleze lazima turudi nyuma hadi sura ya pili.

Sura ya pili ya mswada huu ni nzuri, na nasema hivyo bila kumpaka mtu mafuta. Mama yake Neema ni mama ntilie pale Msamvu, karibu na stendi. Mwandishi anamwonyesha akiamka saa tisa usiku kuchagua mchele. Anajua kwa honi tu ni basi gani limeingia na abiria wake ni watu wa hela kiasi gani. Wateja wakizidi anaongeza maji kwenye mchuzi, halafu anaongeza chumvi ili maji yasijulikane. Anaficha vipande viwili vya samaki chini ya mfuniko kwa ajili ya mteja mmoja anayelipa mwisho wa mwezi, na kuna mwezi ambao mteja huyo haonekani. Neema ndiye anayeosha sahani. Vidole vyake vimekunjamana kwa maji kiasi kwamba anaona haya kushika kalamu mbele ya wenzake darasani. Nilipofika hapo niliziweka karatasi chini nikatoka nje kidogo. Nilimwonea wivu aliyeandika.

Sasa niambieni. Binti aliyeosha sahani miaka sita anaingia kwenye mgahawa wenye meza nane, jiko liko nyuma ya pazia, hatua kumi kutoka alipokaa, na katika kurasa tisa hageuzi shingo hata mara moja kumtazama anayepika! Hasikii sufuria ikigongwa. Hajiulizi nani ataziosha hizo sahani zenye siagi ya konokono, na kila aliyewahi kuosha vyombo anajua siagi inavyogoma kutoka. Nasema haiwezekani. Mtoto wa mama ntilie akiingia mahali panapouzwa chakula, kabla hajakaa ameshahesabu viti na kukisia faida. Ataangalia kama mwenye mgahawa amechoka. Ataangalia mkate uliobaki kwenye meza ya jirani unakwenda wapi. Mwandishi amemvua Neema utoto wake pale mlangoni, akautundika kwenye msumari pamoja na koti lililolowa, ili msichana apendeze kwenye mwanga wa mshumaa.

Na chakula kikuu walicholetewa kilikuwa kinamwita kabisa. Ni nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa divai nyekundu, chakula mashuhuri cha Burgundy. Mwandishi anakisifia kuwa chakula cha kitajiri. Siyo. Ni upishi wa nyama ngumu, ile yenye mishipa, ambayo haikubali hadi uiache motoni saa tatu au zaidi, taratibu, ndani ya divai na vitunguu. Mama yake Neema anaijua hesabu hiyo kuliko mwalimu yeyote. Nyama ikiwa ngumu huipaka papai bichi, na makongoro huyainjika jioni ili asubuhi yawe supu. Angeonja kijiko kimoja tu cha mchuzi wa Burgundy angejua kwamba nyama hii ilinunuliwa kwa bei nafuu na kwamba aliyeipika hakuwa na haraka. Neema naye angejua. Pale ndipo Msamvu na Burgundy zilipokuwa zinakutana, ndani ya sufuria, na mwandishi alikuwa anatazama pete.

Tabia hii ya kuandika meza bila mpishi haikuanza na mwenzetu. Mlo wa Kifaransa umeandikwa katika nchi hii tangu zamani. Mwanzoni mwa 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alikuwa Bagamoyo akitayarisha msafara wa kumtafuta Livingstone. Mapadri Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wamefungua misheni pale mwaka 1868, wakamkaribisha chakula. Katika kitabu chake cha 1872 Stanley anaisimulia meza ile kwa mshangao: vyakula aina kwa aina, shampeni, divai za Burgundy na Bordeaux, na yote hayo kwenye pwani ya Afrika. Baada ya kula, vijana wa misheni wakawaimbia nyimbo za Kifaransa. Chupa tunazijua kwa majina. Mpishi hatumjui. Misheni ile ilikuwa na watoto wengi waliokombolewa kutoka utumwani, na msomaji wa leo hawezi kuacha kujiuliza ni mikono ya nani iliyobeba kuni na maji ya jikoni siku ile. Stanley hakujiuliza. Alifunga mizigo yake akaja huku kwetu, akapita chini ya Milima ya Uluguru kwenye mji wa Simbamwene, binti wa Kisabengo, ulipo mwanzo wa Morogoro yetu hii. Mapadri wa shirika lile lile nao wakafika Morogoro mwanzoni mwa miaka ya 1880. Kwa hiyo, tukitaka kutania, meza ya Kifaransa ilimtangulia Neema. Ilifika Morogoro kabla ya bibi yake bibi yake kuzaliwa.

Kuna watakaonijibu kwamba nataka tuandike taabu tu, na kwamba msomaji akinunua kitabu anataka apumzike na yeye. Sikatai. Mwaka 1989 Mwingereza Peter Mayle alitoa kitabu kuhusu mwaka wake wa kwanza katika kijiji cha Ménerbes, Provence, nchi nyingine ya mizabibu huko huko Ufaransa. Kitabu ni cha raha tupu, kula na kunywa mwezi hadi mwezi, na kilipendwa hadi wasomaji wakawa wanafunga safari kumfuata mlangoni kwake na mwisho akahama. Lakini ukikisoma unakutana na mafundi bomba, wakulima, wapishi, watu wenye miguu mizito na hasira zao. Raha yake ina wenyewe. Na kwa upande wetu, chukueni Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971. Pombe ya Zakaria haitui mezani kutoka mbinguni. Inatoka na kitu nyumbani, na mkewe na mabinti wanakijua kilichotoka. Ndiyo maana huyo mlevi hatumsahau, wakati walevi wa hadithi zetu nyingi tunawasahau tukifunua ukurasa.

Mwenye mswada aliponisikia aliniuliza swali la haki: sasa wewe ungempeleka wapi akavishwe pete? Kwa mama ntilie? Nikamwambia, mpeleke Nyandira. Akacheka. Basi nikapanda mwenyewe, kupitia Mlali, kwenye gari la abiria lililojaa hadi mlangoni, nikaangalie kama kweli panaandikika.

Panaandikika. Tarafa ya Mgeta iko upande wa magharibi wa Uluguru, na ukifika juu baridi inakukumbusha sweta uliloliacha mjini. Mashamba yamepanda mlima kwa matuta kama ngazi: njegere, kabichi, karoti, viazi. Unakaa kwenye benchi, unakiona kilima kwa mlangoni, na kilichoko kilimani ndicho kilichoko kwenye sahani yako. Hiyo hasa ndiyo sifa ambayo watalii huvuka bahari kuifuata kwenye vijiji vya divai vya Ufaransa, wakarudi wakaiandikia vitabu. Mgahawa niliokula ulikuwa na meza tatu, kuta za matofali ya kuchoma, dari jeusi kwa moshi, na kalenda ya mwaka ambao umeshapita. Nilikula ugali, njegere zilizoungwa kwa nyanya na kitunguu, na nyama ya nguruwe ya kukaanga, maana Mgeta ni nchi ya Wakatoliki na nguruwe hufugwa majumbani. Nguruwe alikuwa mkavu na chumvi ilizidi. Siwezi kumsamehe kwa kuwa tu alipikwa mlimani. Mwiko nao ulikuwa umetumika kwenye vitu vingi siku hiyo. Lakini njegere! Changa, bado zina ukijani wake, tamu zenyewe bila nazi. Niliongeza sahani.

Nilipokwenda kulipa nilimwamkia mpishi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeshiba?"

Nikamuuliza njegere ananunua wapi. Akanitazama kama mtu aliyeuliza mvua inauzwa wapi.

"Ninunue? Za shambani kwa mama yangu hizo," akasema, akinyoosha mwiko kuelekea kilimani. "Zile nzuri zimepanda lori. Hizi ndizo wanunuzi walizokataa, ndogo ndogo."

Mtu mwingine angesikia neno la kawaida. Mimi nilisikia riwaya nzima. Waluguru hufuata ukoo wa mama. Ardhi ya ukoo hupitia kwa mama, na mjomba ana sauti juu yake. Kwa hiyo yule mama anaposema shambani kwa mama yangu, hasemi hivyo kwa mapenzi tu, anataja haki. Ana kaka? Kaka anataka shamba lifanywe nini? Akivishwa pete na mgeni anayetaka kumhamisha, shamba linabaki na nani? Hayo ni maswali ya kumkosesha msomaji usingizi, na yote yametoka kwenye sahani moja ya njegere zilizokataliwa na lori la Dar es Salaam.

Nikumbushe pia, kabla hatujaanza kuipamba Nyandira kwa mishumaa kama ilivyopambwa Burgundy, kwamba matuta ya milima hii si ya kupigia picha tu. Wenyeji wa Mgeta wana matuta yao ya tangu zamani. Lakini katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ya aina iliyoitaka yenyewe, kazi ngumu isiyo na malipo. Julai 1955, huko Matombo, upande wa pili wa mlima, watu walikataa. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ule ukaachwa. Ukiandika tu kwamba mashamba yalipendeza kama ngazi za kwenda mbinguni, umefanya kile kile alichofanya Stanley mezani Bagamoyo. Tena wewe huna udhuru, kwa sababu wazee waliosimuliwa habari hizo na baba zao wako hapo hapo kijijini, unaweza kuwaamkia.

Hata hivyo, Burgundy ibaki. Sikumshauri mwandishi aifute sura ya kumi na moja, na kama atampeleka Neema Nyandira au hampeleki ni juu yake. Nilimshauri jambo dogo zaidi. Kabla Julien hajaitoa pete, Neema aombe kwenda kujisaidia. Mlango wa choo uko kando ya jiko, pazia limeachwa wazi kidogo kwa sababu ya joto. Aone mikono ndani ya maji ya vyombo, mikono tu, vidole vimekunjamana. Asimame hapo muda gani, arudi mezani na uso gani, amwambie Julien ndiyo au asubiri, hayo sikuyagusa, ni ya mwenyewe.

Kitu kingine ni ile simu. Mwisho wa sura Neema anampigia mama yake kumweleza habari ya pete, na mama anapiga vigelegele hadi majirani wanatoka nje. Vigelegele nimevipenda. Ila vimewahi mno. Yule mama wa sura ya pili, ninavyomfahamu, angenyamaza kwanza, kisha angeuliza: "Mmekula nini huko? Kapika nani?" Vigelegele vingefuata baadaye, baada ya kupata jibu, na vingekuwa na maana nyingine.

Amesema ataijaribu. Nasubiri. Wakati huo huo nimeanza kusoma sura ya kumi na mbili, ambayo ni harusi ya Kichangani, wageni mia tatu, pilau, mbuzi wanne, na hadi nilipofikia sijaona jiko lolote lililowashwa.